Vidole Walivyoweka kwa Sababu Yangu

Jumapili, mwisho wa Machi. Bungoma mjini.

Jua limewaka tangu asubuhi. Mawingu yamekaa upande wa Mlima Elgon lakini hayasogei, na kila mtu ninayekutana naye anaongea habari ya mvua, ati imechelewa, mahindi yatapandwa lini. Mimi hata mvua nimesahau kuisubiri. Tangu Jumatatu kuna kitu kimenikaa hapa chini ya kifua kama tonge nililolimeza bila kutafuna.

Nimemwacha mama kwa dada yake hapa mjini nikasema naenda kununua sabuni. Niko saibakafe. Ile ya Kitale siwezi kuitumia kwa maneno haya, kwa sababu iko chini ya ofisi yetu na mwenyewe hunywa chai na wakili ninayemfanyia kazi. Hapa hakuna anayenijua.

Naandika ili nione kama nikiyapanga yote yatapungua uzito.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili mmoja Kitale. Kazi yangu ni kupiga chapa barua, wosia, mikataba ya mashamba, na kupanga faili. Mwanzoni mwa mwaka ofisi yetu ilipata kazi ya mradi mmoja unaoshughulikia ardhi kavu kule chini, ukishuka kutoka nyanda zetu za juu kuelekea Pokot. Kulikuwa na rasimu ya sheria mpya ya kurudisha ardhi iliyochakaa, ile iliyobaki udongo mwekundu na makorongo baada ya mifugo kula kila kitu. Mradi ulitaka rasimu itafsiriwe Kiswahili, isomwe mbele ya wananchi, halafu wakikubali waweke kidole kwenye fomu.

Wakili aliuliza ni nani ofisini anaweza kutafsiri. Nikasema mimi. Akaniuliza kama najua maneno ya sheria. Nikasema nayajua vizuri sana.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea, ingawa sikujua.

Kusema kweli niliifurahia ile kazi kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Sheria yenyewe ilikuwa na mambo mazuri. Ilisema watu wa mahali wakikubaliana, wanaweza kufunga kipande cha ardhi iliyochoka, kisiingie ng'ombe wala mbuzi mpaka nyasi zirudi, na anayeingiza mifugo kwa nguvu ashtakiwe. Zamani mtu angefunga, na mwingine angekuja na ng'ombe wake akapitisha, na hakuna mahali pa kwenda kulalamika. Nilitafsiri kifungu baada ya kifungu nikijisikia mtu wa maana.

Kifungu cha tisa kilinisimamisha. Kiingereza chake kilisema ardhi iliyofungwa ita-'vest' katika kamati itakayoundwa chini ya sheria hiyo. Nilicheka peke yangu, maana kwetu vesti ni ile nguo ya ndani aliyokuwa akilimia marehemu baba. Nikafikiria kidogo. Vesti inafunika mwili, kwa hiyo labda maana yake ni kwamba kamati inaifunika ardhi, inailinda. Nikaandika: ardhi iliyofungwa itakuwa chini ya uangalizi wa kamati.

Nilijua sina uhakika. Naomba niliseme hilo hapa kwa sababu sijalisema mahali popote. Nilijua. Mlango wa wakili ulikuwa hatua nne kutoka meza yangu, na ulikuwa wazi. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimejisifu.

Wiki mbili zilizopita tulienda kule chini kusoma. Mradi ulitupeleka, wakili na mimi, na mratibu wa mradi, mama mmoja mtu mzima mwenye miwani. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Wakili alisema maneno machache ya kufungua, kisha nikasimama nikasoma Kiswahili changu, na mtu wao akawa anageuza Kipokot kwa wazee wasiosikia Kiswahili.

Kulikuwa na mama mmoja mbele, anaitwa Chepurai. Huyu huja Kitale mara kwa mara kuuza mbegu za nyasi, kwa hiyo Kiswahili anacho. Yeye na wanawake wenzake walifunga kipande cha ardhi kwa ua wa miiba bila kusubiri sheria ya mtu yeyote. Walikiacha misimu kadhaa. Nilipokiona nilishangaa, kwa sababu nje ya ua ni vumbi tupu na mawe, na ndani nyasi zinafika magotini na kanga wanataga humo.

Nilipofika kifungu cha tisa, Chepurai aliinua mkono. Aliuliza, huo uangalizi ni kama ule mtu anakulindia mbuzi wako ukienda sokoni?

Nikasema, "Ndiyo mama, ni hivyo hivyo."

Watu walipiga makofi. Cha tisa ndicho kifungu walichokipenda kuliko vyote, kwa sababu shida yao kubwa ilikuwa ya kulinda. Baada ya hapo wakapanga foleni, wakabonyeza vidole kwenye pedi ya wino, wakaweka kwenye fomu. Chepurai alikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa Lopeta, mwenyekiti wao, mtu mrefu asiyeongea sana. Tulirudi Kitale jua likiwa bado juu na wakili akaniambia nimefanya kazi safi.

Sasa Jumatatu iliyopita nilikuwa napiga chapa wosia wa familia moja ya Moi's Bridge. Katikati ya ukurasa nikaliona lile neno tena. Shamba lita-'vest' kwa mtoto wa kwanza. Mtoto anafanya uangalizi wa shamba? Nikanyanyuka, nikazipiga zile hatua nne, nikamuuliza wakili maana yake kama mtu anayeuliza jambo dogo.

Hakuinua macho kutoka kwa karatasi zake. Akasema maana yake ni inakuwa mali yake, umiliki unahama.

Nikarudi mezani. Sijui niliendelea kupiga chapa nini.

Umiliki unahama. Yaani yule atakayefunga ardhi yake ili ipone, siku anapofunga inakuwa ya kamati. Na kipande cha Chepurai kimeshafungwa tayari. Sheria ikipita tu, kimekwenda. Na alama ya kukubali ipo, ya kidole chake, kwa sababu yangu mimi niliyemwambia ni kama mbuzi anayelindwa.

Jumanne nilimwambia wakili. Nilifunga mlango nikamweleza yote, isipokuwa kwamba nilikuwa na shaka tangu mwanzo. Hilo nililiruka. Alizungusha kalamu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema hiyo bado ni rasimu, itapita mikono mingi Nairobi, pengine hicho kifungu kitaondolewa chenyewe. Alisema tukianza kusema tulikosea, mradi hautatupa kazi tena, na watu wenyewe watachanganyikiwa bure.

Kisha akasema maneno ambayo yamekuwa yakinirudia nikioga, nikila, nikivuka barabara.

"Wewe ulitafsiri tu. Kinachosimama kortini ni kile cha Kiingereza."

Alikuwa ananifariji. Nilielewa hivyo. Lakini nilitoka pale nikiwa mbaya zaidi, kwa sababu kama kinachosimama ni cha Kiingereza, basi wale watu walisomewa kitu kisichosimama popote.

Jumatano sikufanya chochote. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa napanga, lakini nilikuwa naogopa tu. Niliwaza kazi ni ngumu kupata. Niliwaza mama yangu kule Tongaren ananitegemea. Niliwaza labda kweli kitaondolewa chenyewe. Mchana nilijikuta nimekubaliana kabisa na wakili, nikala chakula vizuri, na jioni yote yakanirudia.

Alhamisi nikaomba ruhusa ya kwenda kliniki. Uongo wa pili, baada ya ule wa kujua maneno ya sheria. Nikachukua nakala ya rasimu ya Kiingereza na ile yangu ya Kiswahili, nikashuka kule chini.

Nilifika kabla ya saa tano. Joto la kule halifanani na letu, linakupiga kutoka chini, kwenye udongo. Nilimkuta Chepurai na wanawake kama kumi ndani ya ua wao wanakata nyasi kwa mundu. Lopeta alikuwa nje anaziba pengo kwa matawi ya miiba. Chepurai aliponiona alifurahi sana. Akaniita mwalimu, akanipa maji, akaanza kunionyesha mahali mbegu zimekomaa. Nilishindwa kumkatiza. Nilizungushwa kipande chote nikiwa na mkoba wangu wa karatasi, naitikia kila kitu.

Mwishowe nikamwambia nimekuja kwa sababu nilikosea.

Wanawake wakaacha kukata. Nikafungua karatasi nikawaeleza. Nilisema kifungu cha tisa nilikisoma vibaya. Hakisemi kamati itaangalia ardhi. Kinasema ardhi itakuwa mali ya kamati. Nilisema hilo neno sikulijua, na kwamba nilipaswa kuuliza na sikuuliza. Hapo sikuruka. Nilikuwa nimejizoeza kusema hivyo, lakini sauti yangu ilitoka ndogo.

Chepurai aliniangalia. Akasema, "Kwa hivyo yule mbuzi ni wa mlinzi sasa."

Nikasema ndiyo.

Lopeta alikuwa ameingia, amesimama na tawi la miiba mkononi, damu kidogo kwenye kiganja. Yeye ndiye aliyeniuliza.

"Ile siku ulitumwa. Leo umetumwa na nani?"

Nikasema leo nimekuja mwenyewe, hata wakili hajui. Akatikisa kichwa. Hakuniamini, na sikuwa na kitu cha kumpa ili aniamini. Kwake yeye mimi ni yule yule niliyesimama mbele yao na karatasi nikasema ndiyo mama, ni hivyo hivyo. Kwa nini karatasi ya leo iwe ya kweli kuliko ya siku ile? Nilitamani niondoke. Kuna wakati nilipima kwa macho umbali wa kufika barabarani.

Chepurai akaniambia nisome tena. Siyo kile cha tisa peke yake, yote tangu mwanzo. Basi nikasoma. Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye nyasi, Kiingereza mkono mmoja na Kiswahili mkono wa pili, na kila nilipofika mahali sina hakika nilisema hapa sina hakika. Palikuwa na mahali pengine patatu. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mtu anaweza kusoma hivyo mbele ya watu na asife.

Tulipomaliza walijadiliana kwa Kipokot. Sikuelewa neno. Nilikuwa naangalia mikono yao tu. Kisha Chepurai akanigeukia.

"Sheria hatukatai. Sisi tunataka mtu akiingiza ng'ombe hapa ashikwe. Lakini hiyo ya tisa hapana. Turudishie vidole vyetu."

Sikuelewa mara moja. Nikamuuliza vipi. Akasema waliweka vidole kwa maneno mengine, sasa maneno yamebadilika, kwa hivyo vidole ni vyao, warudishiwe.

Nilikaa chini nikaandika barua. Niliandika kwa Kiswahili kwa sababu nilitaka waisikie, na Kiingereza nyuma ya karatasi ile ile kwa sababu ndicho kinachosimama. Niliandika kwamba wanaunga mkono sheria ya kufunga ardhi, kwamba ridhaa yao ilitolewa kwa tafsiri yenye kosa, kwamba wanaiondoa, na wanaomba kifungu cha tisa kiandikwe upya ili anayeirudisha ardhi abaki nayo. Na kwamba kosa la tafsiri ni langu. Nikaandika jina langu kamili.

Sikuwa nimebeba pedi ya wino. Nilivunja kalamu ya biro nikapaka wino kwenye vidole gumba vyao, mmoja baada ya mwingine, nikishika kila mkono kwa mkono wangu. Mikono migumu, yenye mikwaruzo ya miiba. Chepurai alikataa kuweka mpaka nimsomee barua mara mbili. Lopeta aliweka wa mwisho. Hakunitazama usoni, lakini aliweka.

Ijumaa asubuhi nikampelekea mratibu wa mradi ofisini kwake Kitale. Yule mama alisoma pande zote mbili taratibu. Akavua miwani, akaniuliza kama wakili anajua. Nikasema nilimwambia kuhusu kosa, lakini habari ya barua hajui. Akatazama dirishani. Nilifikiri atanifukuza.

Alichukua muhuri wa kupokelewa akapiga juu ya barua, akanipa nakala. Akasema fomu bado ziko kwenye kabati lake, zilikuwa zinasubiri maeneo mengine ndipo ziende Nairobi pamoja. Hatazituma. Alhamisi ijayo rasimu itasomwa upya pale pale kwa maneno sahihi, na maoni kuhusu cha tisa yataandikwa kama walivyoyasema. Lakini akasema kosa limetoka ofisi yetu na lazima amwandikie wakili. Nikasema naelewa.

Nilitoka pale na nakala yangu mkononi. Zile fomu hazikuwa zimeondoka. Siku zote hizo nilikuwa naziona akilini zikiwa Nairobi kwenye meza ya mtu mkubwa, na kumbe zilikuwa kwenye kabati, mtaa wa pili kutoka ofisini kwetu.

Saa nane wakili akaniita. Barua ya mratibu ilikuwa mbele yake.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Uliniambia unaenda kliniki."

Katika yote niliyofanya, ndilo alilochagua kulisema. Aliniambia niache ufunguo wa kabati la faili, niende nyumbani, nirudi Jumatatu saa mbili asubuhi tuzungumze. Sijui tuzungumze maana yake nini. Hilo nalo silijui kulitafsiri.

Jana nilikuwa Tongaren kwa mama. Sikumwambia kuhusu kazi. Nilikaa naye barazani akipukuchua maharagwe, na mimi nikatoa daftari, nikaanza kukitafsiri upya kifungu cha tisa kwa ajili ya Alhamisi. Niliandika nikafuta mara nyingi. Nilikuwa naogopa kila neno. Hata neno kamati nililitazama kwa muda mrefu kana kwamba linaficha kitu.

Mwishowe nikapata sentensi moja fupi. Ardhi itakayofungwa itakuwa mali ya kamati.

Nikawaza nimjaribu mama. Hakusoma sana, na mambo ya kule chini hayajui. Kwanza nikamsomea ile ya zamani, ya uangalizi. Akasema hiyo ni nzuri, mtu hawezi kulinda peke yake. Kisha nikamsomea mpya. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

"Na wenyewe watakuwa wapi?" akaniuliza.

Nilijifanya naandika. Mama hakuhitaji wakili wala maelezo, alihitaji tu kusomewa maneno yaliyokuwepo. Na wale watu wote waliopiga makofi wangeuliza swali hilo hilo siku ile ile, kama ningezipiga hatua nne.

Muda wangu wa kompyuta unakwisha na mama atakuwa anashangaa sabuni gani hii. Bado naogopa. Naogopa kesho saa mbili, naogopa uso wa wakili, naogopa kurudi nyumbani kumwambia mama kwamba kazi imeisha. Naogopa Lopeta zaidi ya wote.

Lakini kuhusu Alhamisi nimeamua. Nikiwa na kazi nitashuka, nikiwa sina nitashuka vile vile, maana mratibu hakuniambia nisije. Leo nimejiuliza kama nisome sentensi halafu niongeze swali la mama, ili wasikose kuliona. Nimekataa. Niliwahi kuwawekea maneno yangu, na nimeona yalikowafikisha. Nitakisoma kifungu kama kilivyo, polepole, kisha nitafunga mdomo na kungoja wao waulize.